Mtoto kagoma kabisa kumeza mseto (dawa ya malaria), mama yake yuko korosho. Wazazi wenzangu njooni

Baba Zuu · Ijumaa, saa 2:10 usiku

Wakuu habari za usiku. Niko Chuno, Mtwara mjini. Mama watoto yuko Tandahimba wiki ya pili sasa anaokota korosho, na simu yake haishiki mpaka apande kwenye kichuguu cha jirani. Nyumbani tuko mimi, mama yangu mzazi, na Zuu mwenye miaka miwili na miezi minne.

Zuu ameshikwa na homa tangu jana usiku. Leo mchana nimempeleka kituoni, wamemtoboa kidole, malaria imeonekana. Uzito kilo 11. Dirishani nikapewa kipakiti cha mseto chenye vidonge sita vya njano na chupa ya panadol ya maji. Maelezo yenyewe yalikuwa ya sekunde kumi: "kimoja leo, kingine baada ya masaa nane, halafu asubuhi na jioni mpaka viishe, mwingine." Foleni ilikuwa ndefu, nikaona aibu kuuliza.

Saa moja na nusu nikasaga kidonge, nikakichanganya kwenye bakuli lake la uji, nikaweka sukari ya kutosha. Kijiko cha kwanza akala. Cha pili akaniangalia. Cha tatu akakitoa chote kwa ulimi taratibu kabisa, bila kulia, kama mtu anayerudisha mzigo dukani. Baada ya hapo meno yakafungwa. Nimeimba, nimecheza, nimejifanya nakunywa mimi. Mama akasema namdekeza mtoto, akamlaza mapajani, akambana pua, mdomo ulipofunguka akamwaga uji. Mtoto akapaliwa. Akakohoa mpaka macho yakatoka machozi na midomo ikabadilika rangi, mimi nikamnyanyua, akatapika kila kitu kwenye shati langu.

Sasa kalala begani, ana joto. Vidonge vimebaki vitano. Sijui nimpe kingine au nisubiri asubuhi. Na hata nikiamua kumpa, kinapitaje? Naomba msaada, siyo kejeli.

KoroshoGhafi · saa 2:16 usiku

Mkuu unamwendekeza. Sisi Newala tulishikwa watu wawili mikono, wa tatu pua, dawa inapita. Mbona tumekua?

Mama Pacha Mikindani · saa 2:19 usiku

Waliokua ndio wanaoandika humu, KoroshoGhafi. Baba Zuu pole sana. Usimlaze tena chali na usimbane pua. Hilo la kupaliwa ulilolishuhudia ndilo linaloua, dawa inaingia kwenye mapafu. Ngoja nimwite Nesi wa Zamu, jioni hii huwa yuko hewani.

Nesi wa Zamu · saa 2:27 usiku

Nipo. Baba Zuu nijibu maswali manne haraka: alitapika dakika ngapi baada ya kumeza? Anapumua vizuri sasa, au kifua kinabonyea na kutoa sauti? Ukimwita anaitika? Amekunywa maji yoyote na yakakaa?

Baba Zuu · saa 2:31 usiku

Alitapika haizidi dakika tano. Anapumua kawaida, kikohozi kimeisha. Nikimwita anafumbua macho, ananinunia. Maji kanywa vijiko kama sita, yamekaa.

Nesi wa Zamu · saa 2:40 usiku

Kununa ni dalili nzuri, mtoto anayenuna ana nguvu. Sasa soma taratibu.

Dawa ikitapikwa ndani ya nusu saa, ihesabu kama hukuwahi kutoa, unarudia kidonge kizima. Ikipita zaidi ya hapo usirudie kwa kukisia, piga simu kituoni au rudi uulize. Kwako wewe: rudia usiku huu. Usisubiri asubuhi, malaria ya mtoto mdogo haisubiri. Na kwa kuwa pakiti ilikuwa na sita tu, kesho lazima urudi dirishani ukapewe kimoja cha kufidia. Watu wengi hapa hukosea, wanamalizia na vitano halafu homa ikirudi wanasema mseto haufanyi kazi.

Kwanza mpe panadol yake kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa kwa umri wake, subiri nusu saa joto lishuke. Mtoto mwenye joto kali anatapika hata maji.

Halafu angalia pakiti. Vidonge hivyo vya watoto vingi vimetengenezwa viyeyuke vyenyewe kwenye maji, na vina ladha ya tunda. Hukuwa na haja ya kusaga wala ya bakuli la uji. Chukua kikombe kidogo, weka maji safi yaliyochemshwa yakapoa, vijiko viwili vidogo tu. Tumbukiza kidonge, subiri kisambaratike, koroga. Hata kile kisichoyeyuka chenyewe cha mseto kinaruhusiwa kusagwa kwenye maji, lakini maji yawe kidogo hivyo hivyo. Kosa lako kubwa lilikuwa bakuli. Ukitia dawa kwenye uji wa bakuli zima, mtoto akala nusu, hakuna binadamu anayeweza kukwambia amekula dawa kiasi gani.

Una bomba la sindano nyumbani, lisilo na sindano?

Baba Zuu · saa 2:44 usiku

Sina. Duka la dawa la hapa mtaani bado liko wazi, namtuma kijana.

Mtoa Dawa Mtaani · saa 2:47 usiku

Mwambie aombe bomba la mililita tano jipya, la kunyweshea. Akipewa la sindano, mwuzaji atoe sindano abaki nayo dukani. Na kile kifuniko kidogo cha mbele kitupwe mbali kabla ya kufika karibu na mtoto. Ukikisahau, unasukuma dawa na kifuniko kinaruka kooni. Si mzaha, watoto wamekwamwa na hicho kidude.

Nesi wa Zamu · saa 2:49 usiku

Asante, hilo nilikuwa nalisahau.

Baba Zuu, bomba likifika mkalishe mapajani kwako, mgongo wake kwenye kifua chako, kichwa kimeinuka. Mkono wake mmoja upite nyuma ya kiuno chako, ule mwingine uushike wewe kwa upole, kama mnaangalia runinga pamoja. Ncha ya bomba ipite pembeni, kati ya shavu na fizi, usielekeze kooni. Sukuma kidogo sana, kiasi cha nusu mililita. Ngoja ameze. Tena kidogo. Ngoja. Usishindane na pumzi yake, akilia simama, maana anayelia anavuta hewa na dawa pamoja.

Ikiisha, mimina maji kidogo kwenye kikombe kile kile, suuza, mpe na hayo. Unga wa dawa unabaki chini, na huo nao ni dawa yake.

Kisha ale kitu chenye mafuta. Mseto bila mafuta hauingii mwilini vizuri.

Chenga za Muhogo · saa 2:52 usiku

Kitu chenye mafuta Mtwara msimu wa korosho! Hapo Mungu amekupendelea mkuu. Twanga korosho tia kwenye uji, au uji wa tui la nazi.

Nesi wa Zamu · saa 2:55 usiku

Hasa. Maziwa pia yanafaa, na kwa anayenyonya, titi la mama linatosha. Ila uji unakuja BAADA ya dawa, siyo dawa ndani ya uji.

Baba Zuu · saa 3:24 usiku

Wakuu. Imepita.

Kijana alileta bomba, na kifuniko nimekitupa chooni kabisa. Kidonge nilikitumbukiza kikaanza kusambaratika chenyewe kama andazi kwenye chai, nikabaki nakitazama kama mshamba. Mama yangu alikuwa amekaa pembeni kanuna, anasema dawa gani hii ya kuchezea. Nikamkalisha Zuu mapajani. Mara ya kwanza akauma bomba. Nikasubiri. Akaachia. Nikasukuma kidogo, akakunja uso, akameza. Nilihesabu mara kumi na moja. Katikati alilia, nikasimama, mama akaanza kumwimbia wimbo wa Kimakonde alioniimbia mimi, akanyamaza. Nimesuuza kikombe kama ulivyosema. Alimeza la mwisho saa tatu kamili, kisha uji wa tui vijiko vitano. Mpaka sasa dakika 24, hajatapika.

Dawa inayofuata ni saa kumi na moja alfajiri. Nimeweka kengele ya simu. Nimweke macho kweli, au nimpe akiamka mwenyewe?

Nesi wa Zamu · saa 3:29 usiku

Mwamshe. Ile ya pili ndiyo watu wanaikosa, masaa nane ni masaa nane. Baada ya hapo unahesabu kutoka ile ya kwanza: kesho saa tatu usiku, kisha kila masaa kumi na mawili, Jumapili saa tatu asubuhi na saa tatu usiku, ya mwisho Jumatatu saa tatu asubuhi. Hata akiwa anacheza mpira Jumapili, unamaliza.

Na uyajue haya usiku huu. Akishindwa kunywa kabisa, akitapika kila kinachoingia, akipata degedege, au akilegea mpaka haamki, hapo dawa ya mdomo imefika mwisho. Ni bodaboda mpaka hospitali saa hiyo hiyo, kuna dawa ya sindano, na vituo vingine vina ya kuweka njia ya haja kubwa kabla ya safari. Degedege nimelitaja kwa makusudi, nawajua watu wa kwetu, mtoto anapelekwa kwanza kufukizwa majani.

Mzee wa Klorokwini · saa 3:41 usiku

Nasoma hapa Lindi nacheka peke yangu. Nyie mna dawa ya ladha ya tunda mnalalamika! Sisi tulimezeshwa klorokwini. Uchungu wake ulikuwa unafika masikioni, na ukishaimeza unaanza kujikuna mwili mzima usiku kucha kama umelala na upupu. Ilipoondolewa 2001 tukaletewa ile ya SP, unameza mara moja basi, tukaona tumefika peponi. Nayo haikukaa, 2006 ikaja mseto.

Mama yangu alikuwa anavunja klorokwini anaiweka katikati ya kipande cha papai. Nilichukia mapapai mpaka naoa.

Mama Pacha Mikindani · saa 3:50 usiku

Mzee umegusa jambo. Usifiche dawa kwenye chakula anachokipenda. Pacha wangu Kulwa alikuwa haachi maziwa. Alipoumwa kifua akiwa na mwaka na nusu nikaweka dawa kwenye kikombe chake cha maziwa. Mpaka leo ana miaka minne, ukimletea maziwa anayanusa kwanza. Doto niliyempa kwa bomba hana habari.

Na ile ya kusema "njoo ule pipi" mimi nimeikoma kabisa. Niliwaambia hivyo mara tatu nne, wakafurahi, nikajiona hodari. Wiki moja baadaye niko uani nafua, namkuta Doto kapanda kwenye ndoo, kafikia kabati, anatafuna vidonge vya panadol vya baba yake. "Mama, pipi." Miguu iliniisha. Jirani akaja na maziwa, mwingine anasema mtapishe kwa kidole. Mume wangu akachukua pakiti na mtoto, wakapanda bajaji. Daktari akasema vizuri hamkumtapisha na vizuri mmeleta pakiti, maana panadol nyingi haionyeshi kitu siku ya kwanza, ini ndilo linaumia taratibu. Walilala naye siku mbili. Sasa hivi dawa kwangu inaitwa dawa, na inakaa juu ya kabati ndani ya ndoo yenye mfuniko.

KoroshoGhafi · saa 3:58 usiku

Dah. Hiyo ya ndoo naichukua.

Baba Zuu · Jumamosi, saa 11:20 alfajiri

Adhana imenikuta nimeshika bomba. Safari hii imepita mara saba tu, alikuwa na usingizi lakini nilimkalisha, nikamwosha uso kwanza aamke vizuri, sikumpa akiwa amelala. Joto limepungua. Mama yangu ndiye aliyeyeyusha kidonge, hakusema kitu. Nami sikusema kitu.

Mtoa Dawa Mtaani · Jumamosi, saa 4:05 asubuhi

Hongera Baba Zuu. Ngoja nichokonoe upande wa syrup, maana huku dukani ndiko ninakoona vituko.

Antibayotiki ya unga kwenye chupa: unachemsha maji, yanapoa KABISA, unaweka nusu kwanza unatikisa mpaka unga wote uachie chini, ndipo unaongeza mpaka kwenye mstari. Kuna wanaojaza mpaka shingoni ili "iwe nyingi". Hujaongeza dawa hapo, umeongeza maji, mtoto anakunywa dawa hafifu. Na ni kutikisa kila unapompa. Usipotikisa, siku ya kwanza anakunywa maji matamu, siku ya mwisho anakunywa dawa ya watoto watatu.

Jambo jingine ni vijiko. Wiki iliyopita mama mmoja alibisha, nikamwambia alete vijiko vya kwake. Kaleta vitatu, vyote anaviita vya chai. Tukapima kwa bomba: kimoja mililita tatu, kingine nne na nusu, kile cha harusi chenye maua, sita na kidogo. Dawa imeandikwa tano. Ndani ya nyumba moja! Tumieni kifuniko cha kipimo kilichokuja na chupa, au bomba.

KoroshoGhafi · saa 4:30 asubuhi

Mtoa Dawa naomba niulize kwa heshima, sitaki vurugu leo. Mtoto wangu ana miezi kumi, mwezi uliopita alipewa syrup ya vidudu siku saba, siku ya nne akawa mzima tukaacha. Iliyobaki mama yake kaihifadhi kabatini. Juzi kaanza kikohozi tena, mama yake anataka kumpa ile ile. Nimeshamzuia, lakini sina hoja.

Mtoa Dawa Mtaani · saa 4:38 asubuhi

Hoja unayo. Syrup ya unga ikishachanganywa na maji haizidi siku zilizoandikwa, nyingi ni saba, zipo za kumi na nne. Ya mwezi mzima kwenye joto la Mtwara imeshakufa, imwage. Na hata ingekuwa hai, kikohozi cha sasa huenda si kile. Mtoto wa miezi kumi mwenye kikohozi mpeleke akahesabiwe pumzi. Wakikuta nimonia, siku hizi kuna vidonge vya amoksilini vinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama, havihitaji friji. Waulize kama vipo.

KoroshoGhafi · saa 4:41 asubuhi

Friji tunayo, umeme ndio unaotutembelea.

Chenga za Muhogo · saa 4:44 asubuhi

😂😂 Mimi nilipewa ile ambayo lazima ikae kwenye baridi. Umeme ukakata tangu jioni. Nikaiweka kwenye mfuko, mfuko nikauzungushia kitambaa kibichi, nikautumbukiza ndani ya chungu kitupu kivulini. Asubuhi chupa ya baridi. Lakini nilimpigia aliyeniuzia kumwuliza kama bado inafaa, sikujiamini.

Mtoa Dawa Mtaani · saa 4:50 asubuhi

Ulifanya vema kuuliza. Kuna dawa haivumilii joto, na kuna inayokaa kwenye joto la chumba bila shida. Ukiwa dirishani sema mapema: "nyumbani sina friji". Mara nyingi kuna ya aina nyingine.

Mama Seli · Jumamosi, saa 9:15 alasiri

Natokea Nachingwea. Ninyi mna dawa ya siku tatu, mimi mwanangu ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ana miaka saba, dawa ni kila siku ya Mungu tangu hajafikisha mwaka. Naomba niongee kidogo, maana usiku wa kwanza wa Baba Zuu mimi nimeuishi miaka.

Kwa muda mrefu nilikuwa nabembeleza. "Mama, utakunywa dawa sasa?" Anasema hapana. Kosa ni langu, nimemwuliza swali ambalo halina hapana. Mhudumu mmoja wa kliniki akaniambia, mama, dawa isiwe swali, swali liwe mengine. Nikaanza kuuliza: utatumia kikombe cha bluu au cha bibi? Utakaa kwenye mkeka au kwenye kiti? Utahesabu wewe au nihesabu mimi? Anabishana na kikombe, habishani na dawa. Siku dawa ikiwa chungu, kwanza namnunulia barafu ya ubuyu ya shilingi mia, analamba mpaka ulimi unakufa ganzi, ndipo dawa, halafu anamalizia barafu. Ila kwa mkubwa tu, kipande cha barafu kigumu kwa mtoto mdogo ni hatari.

Alipofika miaka sita wakabadilisha, ikawa kapsuli. Nilitaka kuifungua nimwage kwenye chai, mhudumu akanizuia: hii haifunguliwi nyumbani, na si kila kidonge kinasagwa, kuna kilichofunikwa makusudi. Basi tukajifunza kumeza. Wiki mbili nzima tulifanya mazoezi siku ambazo hana homa wala haraka, amekaa wima, mimi niko mbele yake. Tukaanza na punje moja ya wali anaimeza na maji, halafu punje mbili zilizobanwa, halafu kidonge cha ugali laini, kidogo kama punje ya mbaazi. Kapsuli yenyewe ilikataa kwa sababu alikuwa anatupa kichwa nyuma kama wakubwa. Kapsuli inaelea juu ya maji, ukitupa kichwa nyuma inakuja mbele kwenye meno. Akainamisha kidevu kidogo chini, ikapita. Alikimbia uchi mtaani kuwaambia watu.

Baba Zuu · Jumamosi, saa 10:02 jioni

Mama Seli nimesoma mara mbili. "Swali halina hapana." Mimi siku nzima namwuliza Zuu, mama nikupe dawa?

Taarifa nyingine: nimerudi kituoni kuchukua kile kidonge cha kufidia. Nilijiandaa kugombana. Dirishani kulikuwa na dada mwingine, nikamweleza, akatoa kimoja, akaandika kwenye cheti, halafu akanionyesha nyuma ya pakiti: kuna michoro ya jua na mwezi ya kila dozi. Jana nilikuwa nayo mkononi na sikuigeuza hata mara moja.

Mzee wa Klorokwini · saa 10:20 jioni

Usijilaumu. Yule wa jana pia alipaswa kukuonyesha. Foleni au si foleni.

Bibi Kizota · Jumamosi, saa 1:30 usiku

Wanangu naombeni kuuliza. Asali je? Sisi tunachanganya asali.

Nesi wa Zamu · saa 1:42 usiku

Shikamoo bibi. Aliyetimiza mwaka, kijiko cha asali baada ya dawa ni sawa. Chini ya mwaka hata ya kuonja usimpe, kuna vijidudu ndani yake ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliviwezi.

Na wale wa kuharisha: zinki ni siku kumi hadi kumi na nne, kila siku kimoja. Chini ya miezi sita ni nusu kidonge. Inayeyuka kwenye kijiko cha maziwa ya mama. Kuharisha kukiisha siku ya tatu bado unaendelea nayo. Hii ndiyo dawa inayotupwa kuliko zote katika kata yangu.

Chenga za Muhogo · Jumapili, saa 2:00 asubuhi

Baba Zuu vipi dozi ya jana usiku?

Baba Zuu · Jumapili, saa 3:15 asubuhi

Ya jana usiku ilikuwa vita ndogo, kwa sababu amepata nguvu. Sasa anakimbia. Nilimkimbiza kuzunguka meza mara moja, nikakumbuka, nikakaa chini kwenye mkeka. Nikaweka vikombe viwili, cha bluu na cha plastiki cha sokoni. Nikamwambia saa ya dawa, chagua. Akachagua cha tatu, cha bibi yake. Basi cha bibi yake. Akanywa mwenyewe nusu, nusu nikampa kwa bomba. Hii ya asubuhi hii vivyo hivyo. Uji wa korosho kamaliza bakuli, homa haipo tangu jana alasiri.

Mama yake alipanda kwenye kichuguu jana jioni. Namwambia mtoto aliumwa, malaria, sasa anaendelea. Kimya. Halafu: "Dawa mlimpaje?" Nikasema tumempa. "Mlimbana pua?" Mama yangu alikuwa amekaa hapo hapo. Nikasema hapana, mtandao unakatika.

Mama Pacha Mikindani · saa 3:21 asubuhi

😂😂😂 Mtandao!

KoroshoGhafi · Jumapili, saa 8:40 mchana

Mimi nimempeleka wa kwangu. Wamehesabu pumzi, si nimonia, mafua tu. Hakupewa antibayotiki, tumeambiwa anyonye sana na tumrudishe akipumua haraka. Ile chupa nimeimwaga mbele ya mama yake. Alitaka kulia, anasema ilikuwa ya elfu sita.

Nesi wa Zamu · saa 9:05 alasiri

Umefanya kazi KoroshoGhafi. Na chandarua? Nauliza wote. Upimaji wa 2022 mkoa wetu ulikuwa na karibu mtoto mmoja kati ya watano mwenye vimelea vya malaria, Tabora tu ndio walitupita. Zuu analala ndani ya chandarua?

Baba Zuu · saa 9:30 alasiri

Kipo. Kina tundu la kupita kuku. Nashona leo.

Baba Zuu · Jumatatu, saa 3:20 asubuhi

Cha sita kimeingia saa tatu kamili. Alinywa chote mwenyewe kwenye kikombe cha bibi, akasuuza mwenyewe, akaomba "tena".

Mama yangu ameliosha bomba, analiweka kwenye ndoo yenye mfuniko juu ya kabati. Zuu akalia analitaka. Nikamwuliza la nini. Anasema paka naye ana malaria.

KoroshoGhafi · saa 3:26 asubuhi

Paka kanywa?

Baba Zuu · saa 3:31 asubuhi

Tulimpa maji matupu kwenye kikombe. Paka amekimbilia kwa jirani, Zuu yuko mlangoni anamwita, anamwambia achague cha bluu au cha bibi.